Paka Anayeumwa Sana Bila Sababu Kujulikana: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mtu ambaye paka wake ameugua sana, amekwisha kupelekwa kwa daktari wa mifugo mara moja au zaidi, na bado hakuna aliyeweza kusema ugonjwa ni upi. Hayachukui nafasi ya daktari, kwa kuwa yeye ndiye anayeweza kumpapasa paka huyo tumbo na kuusikiliza moyo wake. Yanakusudia kumwezesha mwenye paka aende kwa daktari akiwa na kumbukumbu zinazotumika na maswali yenye mashiko.

Je, ni dalili zipi zisizoweza kungoja hadi kesho?

Paka dume anayeingia na kutoka kwenye sanduku la mchanga, akajikamua bila kutoa mkojo au akatoa matone tu, huenda njia yake ya mkojo imeziba. Kuziba huko kunaweza kumwua ndani ya siku moja hadi tatu, kwa sababu potasiamu hulundikana katika damu hadi ikausimamisha moyo. Wengi hudhani kwamba amefunga choo, wakapoteza usiku mzima wakimpa mafuta ya kulainisha tumbo.

Paka aliyetulia mahali palipo baridi lakini anahema mdomo wazi anahitaji oksijeni, na anapaswa kusafirishwa bila kupapaswapapaswa. Paka ambaye miguu yake ya nyuma imepooza ghafla, nyayo zikawa za baridi na yeye akalia kwa uchungu, huenda ana donge la damu lililotoka moyoni na kuziba mshipa mkubwa. Degedege zinazofuatana, ufizi uliogeuka kuwa mweupe, wa samawati au wa kahawia, na shaka yoyote ya sumu ni mambo ya saa hiyo hiyo. Ukiona uzi chini ya ulimi au ukining'inia nyuma, usiuvute, kwa maana ukivutwa huweza kuukata utumbo kama kisu.

Daktari anaposema hajui sababu, ana maana gani?

Kauli hiyo moja inaweza kubeba maana tatu zilizo tofauti sana, na ni haki yako kuuliza ni ipi. Maana ya kwanza ni kwamba vipimo vinavyoweza kutoa jibu bado havijafanywa, ama kwa gharama, ama kwa kukosekana vifaa, ama kwa sababu paka ni dhaifu mno. Maana ya pili ni kwamba vipimo vimefanywa na vimeonyesha tatizo, lakini tatizo lenyewe lina vyanzo vingi. Upungufu wa damu, kwa mfano, ni jambo linalohitaji kuelezwa, kama homa inavyohitaji kuelezwa, na haitoshi kuuita ugonjwa ukaishia hapo. Maana ya tatu ni kwamba vipimo vya kawaida vimekwisha na ugonjwa umejificha mahali ambapo kipande cha nyama ya mwili tu, kikitazamwa kwa hadubini, kinaweza kuufichua.

Swali ambalo kwa maoni yangu hufungua mazungumzo kuliko jingine lolote ni hili: «Daktari, katika yale unayoyashuku, ni matatu yapi yaliyo juu ya orodha yako, na ni kipimo gani kingeondoa mojawapo?» Daktari makini hatachukizwa nalo, kwa sababu ndivyo anavyofikiri mwenyewe. Mwombe pia akuandikie orodha hiyo, kwani mtu mwenye hofu husahau nusu ya anayoambiwa kabla hajafika mlangoni.

Kwa nini ugonjwa wa paka hutambulika kwa shida hivi?

Paka huficha udhaifu. Anapoumwa hujikunja chini ya kitanda, huacha kula na huacha kujilamba manyoya, na dalili hizo tatu ni zile zile iwe anaumwa jino, figo, kongosho au moyo. Tena mwili wake ni mdogo, kiasi kwamba badiliko kubwa huonekana dogo machoni. Paka wa kilo 4 aliyepungua gramu 400 amepoteza sehemu ya kumi ya mwili wake, sawa na mtu wa kilo 60 kupoteza kilo 6, na bado aliye naye kila siku anaweza asione tofauti yoyote chini ya manyoya.

Niandike nini kabla ya kurudi kwa daktari?

Hapa ndipo mwenye paka anapoweza kufanya kazi ambayo hakuna maabara inayoweza kuifanya, na ndipo nitakapokaa kwa urefu.

Anza na tarehe ya siku ya mwisho ambayo una hakika kwamba paka alikuwa mzima kabisa. Siku hiyo mara nyingi huwa mbali zaidi kuliko unavyodhani, na picha zilizomo kwenye simu yako zitakusaidia kuipata: tazama alivyonona, macho yake yalivyokuwa, mahali alipopenda kulala. Kisha mpime uzito kila siku kwa mizani ile ile, kwa gramu, na uandike. Pima chakula kabla ya kukiweka na pima kilichobaki. Mimi niliwahi kuandika «amekula kidogo» kwa siku kumi na mbili mfululizo, na nilipoanza kupima bakuli ndipo nilipogundua kwamba kidogo hicho kilikuwa kimepungua kutoka nusu ya chakula chake hadi vijiko viwili.

Hesabu pumzi zake akiwa amelala usingizi, kifua kikipanda na kushuka kuhesabiwe kuwa pumzi moja. Paka mzima aliyelala huvuta pumzi zisizozidi 30 kwa dakika, na idadi inayopanda siku baada ya siku inaweza kuonyesha maji katika mapafu au kuyazunguka mapafu kabla dalili nyingine haijatokea. Andika idadi na ukubwa wa mabonge ya mkojo kwenye mchanga, na hali ya kinyesi.

Tofautisha kutapika na kucheua. Anayetapika hukaza tumbo na kujikunja kwa nguvu kabla kitu hakijatoka. Anayecheua huinamisha kichwa tu, chakula kikatoka kikiwa bado kizima, mara nyingi chenye umbo la mrija. La kwanza hulielekeza jicho la daktari kwenye tumbo, utumbo, figo au ini, na la pili hulielekeza kwenye umio. Rekodi video ya jambo lolote linalokuja na kupita, kama vile degedege, kikohozi, kuyumba au kulia usiku, kwa kuwa paka huyo huyo akifika mezani kwa daktari atakaa kimya kama aliyeumbwa kwa mawe.

Mwisho, andika mambo yanayomzunguka: alikotoka, umri, chanjo na tarehe zake, kama hutoka nje na kupigana, kama huwinda panya na ndege, kama hula nyama, samaki au maziwa mabichi, mimea iliyoingia nyumbani, dawa ya viroboto aliyopakwa, dawa zote alizopewa na dozi zake, na paka wengine aliokaa nao, pamoja na hali yao ya sasa. Weka hayo yote kwenye ukurasa mmoja. Daftari la kurasa arobaini halisomwi na mtu.

Ni vipimo gani huanza, na kila kimoja kinaweza kusema nini?

Kwa kawaida huanza hesabu kamili ya chembe za damu, kemia ya damu inayogusa figo, ini, sukari, protini na madini, mkojo, na kipimo cha virusi viwili vinavyodhoofisha kinga ya paka, yaani FeLV, kinacholeta pia saratani ya damu, na FIV, kilichotambuliwa huko California mwaka 1986. Kwa paka aliyezidi miaka saba au minane huongezwa homoni ya tezi ya shingo na shinikizo la damu, kwa sababu paka mzee anayekula sana huku akikonda mara nyingi tezi hiyo ndiyo iliyochachamaa.

Mkojo hudharauliwa mno. Kreatinini ya damu, ambayo ndiyo kipimo cha figo kinachotajwa zaidi, hupanda waziwazi pale tu ambapo takriban robo tatu ya uwezo wa figo imekwisha kupotea, ilhali mkojo mwepesi kama maji unaweza kuonya mapema zaidi. Mkojo uchukuliwe kabla paka hajaongezewa maji mwilini. Ukichukuliwa baadaye, wepesi wake hauelezi tena chochote kuhusu figo.

Sukari nayo hudanganya. Hofu peke yake inaweza kuipandisha sukari ya paka hadi ikafanana na ya mgonjwa wa kisukari, na kwa hiyo kiwango kimoja cha juu hakitoshi. Kipimo cha fruktosamini, kinachoakisi wiki kadhaa zilizopita, ndicho kinachoamua. Vivyo hivyo, mtoto wa paka mwenye umri chini ya miezi sita akionekana kuwa na kingamwili za FIV, huenda alizinyonya tu kutoka kwa mama yake, na anahitaji kupimwa tena akishapita umri huo.

Baada ya hayo hufuata picha ya eksirei ya kifua na tumbo, na altrasaundi. Eksirei huonyesha vizuri mifupa, mapafu na umbo la moyo, na altrasaundi huonyesha ndani ya viungo laini na majimaji. Kimoja hakichukui nafasi ya kingine.

Vipimo vyote vimerudi vikiwa sawa, lakini paka anazidi kudhoofika. Inawezekanaje?

Inawezekana, na si dalili kwamba mtu amezembea. Kipimo cha damu hupima kile kinachomwagika katika damu. Utumbo unaweza kuwa umejaa uvimbe au saratani ya limfu isiyo kali na damu ikabaki safi. Kongosho linaweza kuvimba na kuonyesha kutokula na unyonge tu, na huhitaji kipimo chake mahususi. Moyo unaweza kuwa na misuli minene mno bila hata mlio wa ziada kusikika kifuani. Ubongo, meno yaliyolika chini ya ufizi na maumivu ya mgongo havionekani kwenye kemia ya damu.

Jambo jingine ni kwamba namba huwa na maana zaidi zikiwa mbili. Paka aliyekaukiwa na maji huonekana kuwa na chembe nyekundu za kutosha, na upungufu wake wa damu hujitokeza siku ya pili akishanyweshwa. Omba nakala ya matokeo yote, hata yale yaliyoitwa ya kawaida, ili yalinganishwe na yatakayofuata. Kreatinini iliyopanda kutoka ukingo wa chini hadi ukingo wa juu wa kiwango cha kawaida imebadilika sana, ingawa mashine haitaitia alama yoyote.

Ana homa isiyoshuka kwa antibiotiki. Nifikirie nini?

Joto la kawaida la paka ni takriban nyuzi 38 hadi 39.2 za Selsiasi, na safari na hofu vinaweza kulipandisha kidogo, kwa hiyo homa ya kweli ni ile inayorudiwa kupimwa na kuonekana tena. Homa isiyojali antibiotiki inaweza kutoka kwenye jipu lililofichwa na manyoya baada ya kung'atwa, au usaha ulio ndani ya kifua, ambao dawa haiufikii mpaka utolewe. Inaweza pia kutokana na vimelea ambavyo antibiotiki za kawaida haziviui. Mycoplasma haemofelis, kwa mfano, hushambulia chembe nyekundu za damu na hutibiwa kwa doksisaiklini, na Toxoplasma gondii huweza kugusa mapafu, ini, macho na ubongo. Tena inaweza kuwa ni virusi, saratani, au kinga ya mwili inayojishambulia yenyewe. Kwa paka mdogo, hasa aliyetoka mahali penye paka wengi, FIP haina budi kutajwa.

FIP ni nini, na kwa nini jina hilo hutajwa kila mara?

FIP ni ugonjwa wa uvimbe unaoletwa na virusi vya korona vya paka. Virusi vyenyewe ni vya kawaida sana panapoishi paka wengi pamoja, na wengi wanaovipata huhara kidogo au hawaoneshi dalili yoyote. Kwa wachache, virusi hubadilika ndani ya mwili wa paka huyo huyo, vikaingia katika chembe za kinga na kusambaa nazo. Wengi wa wagonjwa wana umri chini ya miaka miwili. Kuna hali ya majimaji, ambapo tumbo au kifua hujaa maji ya manjano yanayonata, na kuna hali kavu, ambapo vinundu hujitokeza katika figo, ini, utumbo, macho au ubongo. Hali kavu ndiyo inayokaa miezi ikiitwa ugonjwa usiojulikana.

Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachotosha. Kingamwili za korona huonyesha tu kwamba paka alikutana na virusi, jambo ambalo ni kweli pia kwa paka wengi wazima. Daktari hujenga ushahidi hatua kwa hatua: umri, homa, manjano ya macho na ufizi, protini za damu ziitwazo globulini zilizopanda huku protini nyingine, albumini, ikishuka. Uwiano wa albumini kwa globulini ulio chini ya 0.4 huongeza shaka sana, na ulio juu ya 0.8 hufanya FIP iwe mbali. Kama kuna majimaji, yatolewe na yapimwe, kwani ndiyo yenye habari nyingi kuliko damu, na kuvionyesha virusi ndani ya chembe za kinga zilizomo humo ndio ushahidi wenye nguvu zaidi.

Msisitizo wote huu una sababu. Hadi miaka michache iliyopita FIP ilikuwa karibu sawa na hukumu ya kifo. Mwaka 2019 Niels Pedersen na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha matokeo ya dawa ya GS-441524 kwa paka 31 walioipata FIP kwa njia ya kawaida. Paka 26 walimaliza wiki 12 au zaidi za matibabu, na wengi wao wakaishi. Tangu hapo dawa hiyo na ndugu yake remdesivir zimeubadilisha ugonjwa huu. Tiba iliyozoeleka ni ya siku 84, ikifuatwa na muda kama huo wa uangalizi. Kiasi cha dawa hufuata uzito, na paka anayepona hunenepa, kwa hiyo apimwe kila wiki na dozi ipandishwe, la sivyo atakuwa akipewa dawa pungufu bila mtu kujua. Upatikanaji hutegemea sheria za nchi. Muulize daktari njia iliyo halali. Mtu akikuambia leo kwamba FIP haina tiba, mwambie kwa adabu kwamba habari hiyo imepitwa na wakati.

Je, huenda amekula sumu bila mimi kujua?

Swali hili huulizwa kwa kuchelewa, hasa na watu ambao sumu yenyewe waliitoa kwa mikono yao wakidhani ni tiba. Ini la paka lina uwezo mdogo sana wa kuvunja parasetamoli, na kidonge kimoja cha mtu mzima kinaweza kumwua: damu hushindwa kubeba oksijeni, ufizi hugeuka wa kahawia, uso na nyayo huvimba. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini ya nguvu, ikipakwa paka, huleta mitetemeko na degedege. Hata kulala karibu na mbwa aliyetoka kupakwa kunaweza kumdhuru.

Maua yanayouzwa kwa jina la lili, ya jamii za Lilium na Hemerocallis, huharibu figo za paka ndani ya siku moja hadi tatu. Kila sehemu yake ni sumu, hadi chavua aliyojilamba kwenye manyoya na maji ya chombo yaliposimikwa. Kama figo za paka kijana zimekufa ghafla bila maelezo, uliza kwanza kama kuna aliyeletewa maua. Maji ya kupoza injini yenye ethilini glikoli ni matamu na huua kwa njia hiyo hiyo ya figo, na dawa yake hufaa katika saa za mwanzo tu. Sumu ya panya inayozuia damu kuganda huonyesha dalili baada ya siku kadhaa, wakati kisa chenyewe kimekwisha kusahaulika, na hutibiwa kwa vitamini K1.

Usimtapishe nyumbani kwa chumvi wala kwa haidrojeni peroksaidi. Beba pakiti, chupa au tawi la mmea, na useme ukweli wote. Daktari hana haja ya kukulaumu, ana haja ya saa ambayo jambo lilitokea.

Daktari anapendekeza kujaribu dawa kabla ya kupata jibu. Nikubali?

Mara nyingi ndiyo, ikiwa unajua mnachojaribu. Jaribio la dawa ni kipimo kama kipimo kingine: lazima kuwe na dhana, muda uliowekwa na dalili itakayopimwa. «Tumpe doksisaiklini siku tano tuone kama homa itashuka na chembe nyekundu zitapanda» ni jaribio. Kuongeza dawa ya tano juu ya nne ambazo hakuna anayejua kama zimesaidia, hilo si jaribio tena. Kidonge cha doksisaiklini kifuatiwe na maji au chakula, kwa kuwa kikikwama kwenye umio huunguza na kuacha kovu linaloubana.

Tahadhari yangu kubwa ni kwa steroidi, dawa zinazotuliza uvimbe na kupunguza nguvu ya kinga ya mwili. Humfanya paka ale na achangamke ndani ya siku mbili, na furaha hiyo inaweza kuuficha ugonjwa. Saratani ya limfu hunywea kwa muda chini ya steroidi, na kipande cha utumbo kitakachochukuliwa baadaye kinaweza kukosa kuionyesha, ilhali maambukizi yaliyojificha hupata nafasi ya kuenea. Kama kuna nia ya kuchukua kipande cha nyama kwa uchunguzi, ulizeni kwanza kama kinaweza kuchukuliwa kabla ya dozi ya kwanza. Kama hakuna nia hiyo, kwa umri wa paka, kwa hali yake au kwa uwezo wako, steroidi inaweza kuwa uamuzi wa busara na wa huruma, mradi ufanywe kwa kujua kwamba mlango mmoja umefungwa.

Hali chakula wakati tukingoja majibu. Je, ni jambo kubwa?

Ni kubwa kuliko majibu yenyewe. Paka asiyekula kwa siku mbili au tatu, hasa aliyekuwa mnene, huyeyusha mafuta yake kwa kasi ambayo ini haliwezi kuimudu. Mafuta hujaa ndani ya ini, macho yakawa manjano, na sasa ana magonjwa mawili badala ya moja. Usisubiri jina la ugonjwa. Omba dawa ya kichefuchefu, ya maumivu na ya hamu ya kula, pasha chakula moto kidogo kitoe harufu, na kama havitoshi, zungumzeni mapema juu ya mrija wa kulishia unaowekwa kupitia shingoni. Watu huuogopa mrija huo wakidhani ni dalili ya mwisho, kumbe paka huuvumilia vizuri, na dawa zote hupitia humo bila kupambana naye. Kumsukumia chakula mdomoni kwa nguvu humfanya akichukie, na kikienda njia ya hewa huleta nimonia.

Sina fedha za vipimo vyote. Nianze na kipi?

Sema kiasi ulicho nacho mwanzoni mwa mazungumzo. Uchunguzi wa mikono uliofanywa kwa utulivu, uzito, sehemu ya chembe nyekundu katika damu, protini, sukari, tone la damu chini ya hadubini na uzito wa mkojo ukilinganishwa na maji ni mambo ya gharama ndogo yanayofumbua mafumbo mengi. Kisha, kwa kila kipimo cha ghali, uliza: jibu likiwa ndiyo tutafanya nini, na likiwa hapana tutafanya nini? Kama yote mawili yanaishia kwenye matibabu yale yale, kipimo hicho kinaweza kungoja.

Je, ni utovu wa adabu kutafuta daktari wa pili?

Hapana. Mwambie wa kwanza, mwombe faili lote pamoja na picha zenyewe, si maelezo yake tu, na umpe wa pili kabla ya siku ya miadi. Bingwa wa magonjwa ya ndani ya wanyama anaanza pale mwenzake alipoishia endapo tu ataonyeshwa mahali penyewe.

Je, ugonjwa huu unaweza kunipata mimi au watoto?

FIP, FIV na FeLV havimwambukizi binadamu. Kichaa cha mbwa humwambukiza, na paka ambaye hakuchanjwa, aliyebadilika tabia ghafla, akawa mkali au akashindwa kumeza, asishikwe mkono mtupu. Aliyeng'atwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15 na aende hospitali siku hiyo hiyo, kwa maana dalili zikishaanza ugonjwa huo karibu kila mara huua. Mjamzito amwachie mwingine kazi ya kusafisha sanduku la mchanga, na lisafishwe kila siku, kwa sababu mayai ya Toxoplasma huhitaji siku moja hadi tano nje ya mwili kabla hayajaweza kuambukiza. Mafua ya ndege ya H5N1 yaliua paka nchini Poland mwaka 2023 na paka wa mashamba ya maziwa nchini Marekani mwaka 2024, baadhi yao wakiwa wamekunywa maziwa mabichi. Ndiyo sababu daktari akakuuliza juu ya vyakula vibichi na ndege waliokufa.

Nitajuaje kwamba muda wa kutafuta umekwisha?

Chagua mapema mambo matatu au manne ambayo ndiyo maisha kwa paka wako: kukufuata jikoni, kujilamba, kukaa dirishani, kula mwenyewe. Kila jioni weka alama. Siku mbaya zikizidi nzuri, na hakuna kipimo kilichobaki ambacho jibu lake linaweza kubadilisha matibabu, daktari anaweza kumsaidia afe bila maumivu hata kama ugonjwa haujapata jina. Kutojua sababu si lazima kuongeze siku zake za mateso.

Amekufa na bado sijui kilichomwua. Je, naweza kujua sasa?

Unaweza, na uchunguzi wa maiti mara nyingi hujibu kile ambacho miezi ya vipimo haikujibu. Mwili uwekwe kwenye baridi ya jokofu, usigandishwe, kwa kuwa barafu hupasua seli na kuharibu kinachotazamwa kwa hadubini, na ufikishwe ndani ya siku moja ikiwezekana. Kama hutaki mwili wote uchunguzwe, daktari anaweza kuchukua vipande vidogo vya ini, figo, utumbo na moyo, akavihifadhi katika formalini, nawe ukamzika paka wako siku hiyo.

Majibu hayo yana umuhimu wa pekee kama una paka wengine au unafikiria kuleta mwingine. Virusi vya FeLV hufa upesi nje ya mwili. Virusi vya panleukopenia, vinavyoangamiza chembe nyeupe za damu na kuua watoto wa paka, vinaweza kudumu ndani ya nyumba kwa mwaka mzima na havijali sabuni nyingi za kawaida. Sakafu ioshwe kwa dawa ya klorini, vitambaa na masanduku yasiyooshika yatupwe, na paka mpya asiingie kabla hajakamilisha chanjo na kupita wiki mbili tangu sindano ya mwisho.